Maneno Niliyoyaacha Kakuma

Tangu nirudi nyumbani mmeniuliza kwa namna nyingi. Wengine mmesubiri ibada iishe, wengine mmenishika mkono sokoni mkasema, "Nakiru, tulisikia mlikwama kwa maji." Na wachache, wale ninaowafahamu vizuri, mmeuliza kama ni kweli nilimkosea yule mgeni wa Korea. Yeye nilimkosea kidogo. Niliyemkosea sana ni mtu mwingine. Nitaeleza kituo kwa kituo, maana nikianzia mwisho mtanihukumu kabla gari halijaondoka Lodwar. Habari za vibali na barua za ofisi nitaziruka.

Lodwar hadi kwenye maji

Mgeni alifikia Nawoitorong, kwenye nyumba ya wageni ya akina mama. Jina lake Han. Ni mwalimu mstaafu wa miaka sitini na sita, mfupi, mwenye kofia ya jua iliyoshonewa kitambaa cha kufunika shingo. Anatoka kijiji cha Korea Kusini kilicho karibu na mpaka wa Kaskazini kiasi kwamba, siku isiyo na ukungu, huwaona watu wa upande wa pili wakilima. Upande huo ndio ile nchi mnayoisikia redioni, iliyojifungia peke yake na kutengeneza mabomu ya nyuklia, na kila ikirusha kombora baharini majirani zake wote hushtuka. Mama Han yuko katika kikundi kidogo cha watu wanaoishi mipakani, ambao huzunguka kuwasikiliza watu wa mipaka mingine. Wenzake walikwenda nchi nyingine. Yeye alitaka kuwaona akina mama wa Nadapal, upande wetu wa mpaka, ambao hukutana na wenzao wa Kapoeta, upande wa Sudan Kusini, wakazungumza juu ya mifugo iliyoibwa na watu waliouawa.

Mimi nilikuwa mkalimani wake. Kazi hiyo nimeifanya miaka kumi na minne, na wageni wengi wamepita mikononi mwangu. Nataka mkumbuke hilo, kwa sababu wivu wangu ulianzia hapo. Nilizoea kuwa mtu anayejulikana njia nzima. Kuanzia Lodwar hadi Nadapal kila mama hunisalimu kwa jina, na mgeni hukaa nyuma yangu akisubiri nimweleze dunia inasema nini.

Tuliondoka Jumatatu asubuhi, tukiwa na Wafula, dereva wa Kitale, mtu mkimya anayependa kusikiliza mahubiri akiwa barabarani. Saa nne tukakuta laga imejaa. Mnajua jinsi laga zetu zilivyo: miezi minane ni mchanga mtupu ambao mbuzi hulala ndani yake, halafu mvua inyeshe milimani usikokuona, na mto wa rangi ya chai ya maziwa unakatiza barabara. Malori yalikuwa yamepangana upande huu na ule. Wafula alizima gari akasema, "Hapa ni kungoja."

Tulingoja saa tano. Akina mama waliokuwa wakipeleka makaa walikaa nasi chini ya kivuli cha lori. Mama Han akatoa pakiti ya majani meusi membamba kama karatasi, akawagawia. Kwao ni chakula, mwani wa baharini uliokaushwa. Kabla sijaeleza, bibi mmoja alishalifinyanga jani, akaliweka ndani ya mdomo wa chini kama tumbaku, akangoja. Sote tukangoja naye. Mwishowe akatema akasema kwa Kiturkana, "Tumbaku ya huyu imekufa." Nilipomtafsiria, Mama Han alicheka mpaka kofia ikaanguka, na yule bibi akacheka kwa kuona anavyocheka. Wakashikana mikono kama watu waliolelewa boma moja.

Halafu mvua ikatunyeshea na sisi, matone makubwa, machache. Bibi akamwelekezea Mama Han kidole. "Huyu ndiye ameleta. Jina lake ni Nakiru."

Nakiru, mnajua, ni yule aliyezaliwa wakati wa mvua. Ni jina langu. Nilipewa na mama yangu mzazi.

"Wamekupa jina," nilimwambia Mama Han kwa Kiingereza. "Jina la mvua."

"Zuri sana," akasema. "Wewe walikupa lipi?"

Nikamwambia mimi nilizaliwa hapa, sihitaji kupewa. Hakujua kwamba amelichukua langu. Akina mama walimwita hivyo mchana kutwa, "Nakiru, njoo! Nakiru, kaa hapa!" na mimi niligeuka kila mara kama mbwa aliyeitwa na mtu mwingine. Mnaweza kucheka. Lakini ndivyo ilivyoanza.

Kakuma, nyumbani kwa Rebeka

Wengi wenu mnamfahamu Rebeka kwa sifa nilizowapa. Ni mkimbizi wa Sudan Kusini, ana hoteli ndogo ya mabati kambini Kakuma, anapika kisra, mkate mwembamba kama kitambaa, na mchuzi wa bamia. Kwa miaka kumi na mmoja sijawahi kupita Kakuma bila kula kwake. Nilipofiwa na mama, Rebeka alipanda gari akaja Lodwar kulia nami. Kwenye rafu yake kuna kikombe cha kijani cha bati ambacho hakitumiwi na mteja yeyote. Ni changu.

Jumanne mchana nilimpeleka Mama Han pale. Rebeka alitoka akiwa na unga mikononi, akaanza kwa salamu ya Kiturkana.

"Ejok, dada Nakiru! Na huyu ndiye mama ya bomu?"

Habari zilishafika. Asubuhi tulikuwa na mkutano na akina mama wa mji, na maswali yao yalikuwa yameenea kambi nzima. Mmoja aliuliza, "Hiyo bomu moja inamaliza watu wa wapi mpaka wapi?" Mama Han akauliza Lodwar iko mbali kiasi gani, akasema labda Lodwar yote, na waliobaki wataugua. Mwingine akauliza, "Na kwa nini hamjaenda kwa wazee wao na mbuzi, mkae chini?" Mama Han alijibu kwamba viongozi wameshakaa chini mara nyingi, wakapiga picha, wakala chakula kizuri, halafu wakaondoka na kila mmoja akaongeza silaha. "Hata hapa ni hivyo," yule mama akasema, na wote wakapiga makofi. Miaka kumi na minne natafsiri mikutano yetu na sijawahi kuona wakimpigia mgeni makofi.

Rebeka alituketisha. Akamimina chai. Kikombe cha kijani akakiweka mbele ya Mama Han.

Nilimwangalia. Hakuniangalia. Kwake ilikuwa heshima kwa mgeni mzee, naelewa sasa. Wakati ule nilikunywa chai yangu kwenye glasi ya wateja na ikaniunguza vidole.

Mama Han alikula kisra kwa mkono, akasifu, akaulizwa kama ana watoto, akajibu ana binti na wajukuu wawili. Halafu akasema jambo ambalo hakulisema mkutanoni. Alisema ana kaka ambaye hajawahi kumwona. Wakati wa vita vya kwao, mama yake alivuka kuja kusini kutafuta dawa, akamwacha mtoto wa miaka minne kwa nyanya yake. Alimwambia atarudi baada ya wiki moja. Mpaka ukafungwa. Mama Han alizaliwa upande wa kusini, akakua akimwona mama yake akiweka sahani moja ya ziada sikukuu zote. Kulikuwa na wakati serikali mbili zilipokubali wazee wachache wakutane na ndugu zao, kwa kura. Mama yake aliandikisha jina, akangoja kuitwa. Kila mazungumzo yalipokaribia kufaulu, kombora lilirushwa au majeshi yakaanza mazoezi, na kila kitu kikasimama. Alikufa akingoja.

Nilitafsiri vizuri. Rebeka alikuwa ameacha kukanda. Akajifuta mikono polepole, akaketi mbele ya Mama Han, si mbele yangu, akaanza kusema.

"Mwambie mimi pia niko na mtoto. Ya kike. Anaitwa Napeyok. Nilimwacha kwa mama ya bwana yangu, huko Kapoeta, kwa kijiji. Alikuwa na miaka tatu. Mdogo wake alikuwa mgonjwa, nikambeba nikuje Kakuma kwa hospitali. Nikasema, siku tatu. Mdogo akakufa hapa. Barabara ikafungwa, bwana akauawa, watu ya kijiji wakahama na ng'ombe. Miaka kumi na moja."

Nilijisikia nikitafsiri. Sauti yangu ilitoka sawasawa, kwa Kiingereza kizuri. Nimelala nyumba hii. Nimeimba naye, nimeugua mikononi mwake. Nilimwambia habari za ndoa yangu ambazo ninyi wenyewe hamzijui. Na habari za mtoto huyu, mwenye jina, mwenye miaka kumi na minne sasa, Rebeka anazipitishaje kinywani mwangu kumwambia mwanamke aliyemwona saa moja tu iliyopita?

Mama Han alimshika mkono. Alisema, nakumbuka kila neno: "Alhamisi naenda mpakani, na akina mama wa Kapoeta watakuwepo. Njoo nami. Tutawauliza pamoja. Kama unaogopa, nitakushika hivi hivi. Mimi sina tena wa kumtafuta. Acha nikusaidie kumtafuta wako."

Rebeka akanigeukia.

Nikasema, "Anasema pole sana. Anasema atakuombea."

Uso wake ukabaki pale pale, ukingoja. "Nimesikia amesema Kapoeta."

"Anauliza kama ni mbali."

"Mwambie si mbali," Rebeka akasema taratibu. "Mwambie shida si umbali."

Nami nikamgeukia Mama Han: "Anashukuru. Anasema hawezi kuiacha hoteli yake."

Basi. Ilichukua muda mfupi kuliko kumimina chai. Sikupanga. Nilitaka tu yale yaliyokuwa kati yao yakome, na mimi ndiye niliyekuwa mlango.

Wafula alikuwa ameketi kizingitini, akila.

Lokichoggio na lile kombora

Jumatano tulikwenda Lokichoggio, ambayo sote huiita Loki. Wiki iliyotangulia lori lilipigwa risasi kwenye barabara hiyo na watu wawili wakajeruhiwa, kwa hiyo tulingoja magari mengine ili tuende kwa msafara. Mmoja wa waliojeruhiwa ni mtoto wa jirani yangu. Nilikuwa nimefungua redio siku zote zile nikitafuta japo sentensi moja juu yao. Hakuna.

Tulipoingia hotelini kula, runinga ukutani ilikuwa na ramani ya bahari na mstari mwekundu. Korea Kaskazini ilikuwa imerusha kombora asubuhi ile. Lilianguka majini, halikuua hata samaki wa kutajwa, lakini dunia nzima ilikuwa imesimama. Marais walisema, majenerali walisema, watu wa Japani walionyeshwa wakiwa wamejibanza kwenye kituo cha treni. Mhudumu aliacha sahani zetu akamtazama Mama Han. "Hiyo ni kule kwa huyu mama?"

Mama Han alisaidiwa kuunganisha simu yake na mtandao wa hoteli. Binti yake alipokea. Walizungumza kidogo, bila kelele, kisha akaifunga na kurudi kwenye nyama yake ya mbuzi.

"Wako salama?" nikauliza.

"King'ora kililia. Walishuka kwenye handaki la shule, wamesharudi. Nimemuuliza kama alifunika kabichi kabla ya kushuka."

"Kabichi?"

"Kulikuwa na baridi kali."

Nikashindwa kujizuia. Nilimwambia habari za lile lori. Nilimwambia kwamba kwao kombora linaanguka baharini na dunia inakesha, kwetu watu wanaanguka barabarani na hakuna anayeuliza barabara inaitwaje. Nikasema, "Hata hofu yenu ni kubwa kuliko yetu." Nilisema kwa ukali, kama mtu anayedai kitu.

Alitafuna mpaka akamaliza. "Waandishi huja kijijini kwetu kila likirushwa," akasema. "Huniuliza juu ya kombora. Miaka yote hiyo hakuna aliyeniuliza juu ya kaka yangu. Unajua nilipouona mpango wa safari hii nilihisi nini? Akina mama wanakutana mpakani, wanarudi nyumbani, wanakutana tena. Mama yangu angeuza macho yake kwa mpaka kama wenu. Nilikuoneeni wivu. Niliona aibu, lakini nilihisi hivyo."

Nilitamani kumwambia palepale jinsi nilivyomdanganya. Badala yake nikaagiza soda.

Tulipotoka, Wafula alikuwa anakagua magurudumu. Alisema bila kuinua kichwa, "Madam, mimi Kizungu nasikia."

"Najua unasikia."

"Jana nilisikia. Si mambo yangu. Lakini nilisikia."

Alizunguka gari lote, magurudumu yote manne, na hakuongeza kitu. Afadhali angenitukana.

Nadapal

Alhamisi akina mama wa Kapoeta walichelewa. Walisema saa tatu, wakafika saa saba, kwa sababu askari wa upande wao waliwashusha mara mbili. Walikuwa tisa, na shanga, na vumbi hadi kwenye kope. Kiongozi wao ni Mama Natapar, mrefu, wa Watoposa, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Kitoposa na Kiturkana ni lugha ndugu, tunasikilizana karibu kila neno, na ndiyo maana tunatukanana vizuri pia.

Mkutano ulikwenda kama kawaida, ng'ombe wa nani, risasi ya nani. Mama Han alisimulia juu ya kaka yake, na wale tisa wakatikisa vichwa. Baada ya hapo aliinuka akasema anataka kuuliza jambo kwa niaba ya rafiki aliyeshindwa kuiacha hoteli yake. Kuna mtoto anaitwa Napeyok, aliyeachwa kwa nyanya yake kijijini Kapoeta, miaka kumi na mmoja iliyopita.

Niliyatafsiri hayo. 

Mama Natapar aliinama mbele. "Napeyok wa bibi kilema? Ambaye baba yake alikuwa askari?"

"Jina ni hilo, na baba yake aliuawa," nikasema.

"Alikuwa nasi mpaka pale darajani, leo asubuhi! Alikuja kuuza maziwa, nikamwambia arudi, gari limejaa." Akatazama huku na huku. "Mama yake yuko hai? Yuko wapi? Kwa nini hakuja?"

Wote tisa walinitazama. Mama Han pia, akingoja nimweleze. Nilianza kusema kitu juu ya hoteli, nikaona Wafula amesimama kando ya gari, mikono mfukoni, akitazama mlima. Nikaishiwa uongo.

Nikasema kwanza kwa Kiturkana, kisha kwa Kiingereza, ili nisiache nafasi ya kujificha kati ya lugha mbili. Nilisema mama yake hakuja kwa sababu hakuambiwa. Mgeni huyu alimwalika, na mimi sikumfikishia. Nilimdanganya yeye, na nikamdanganya huyu.

"Kwa nini?" Mama Natapar akauliza.

"Wivu."

Akina mama wengine walianza kunung'unika, mmoja akatema mate. Mama Han alivua kofia yake, akaikunja, akaivaa tena, na jambo hilo liliniuma kuliko mate.

"Tunaondoka saa tisa na askari," Mama Natapar akasema. "Leo siwezi. Jumatatu wafanyabiashara wanakuja. Nikimpata nyanya akakubali, nitamleta. Barabara ikifungwa, usinilaumu. Na wewe," akaninyooshea fimbo, "umpelekee mama yake maneno haya. Yote."

Kurudi Kakuma

Tulifika jua likiwa bado juu. Njiani Mama Han aliongea mara moja tu. Aliomba nimsaidie kusogeza safari yake ya ndege, anataka kubaki hadi Jumatatu. Alisema tafadhali.

Rebeka alikuwa anaosha sufuria. Nilimwambia nikiwa nimesimama. Nilipomaliza aliendelea kusugua ile sufuria iliyokuwa imeshatakata.

"Nilisikia Kapoeta," akasema mwishowe. "Kwa masikio yangu. Nikasema, hapana, Nakiru hawezi."

"Nisamehe."

"Unataka kujua sababu sikukuambia?" Alikuwa bado ananipa mgongo. "Mwaka wangu ya kwanza hapa. Ulikuwa unatafsiri kwa ofisi, kulikuwa na mama moja aliacha watoto huko akakimbia. Ukamaliza, ukatoka nje, ukaniambia, ni mama gani anaacha mtoto? Hata mbuzi haiachi. Tukacheka. Na mimi nilicheka."

Sikulikumbuka. Nimejaribu tangu siku hiyo kulikumbuka na bado silioni, lakini nasikia kabisa ni sauti yangu.

Aliweka sufuria chini, akavuta kiti, akaketi. Akamwonyesha Mama Han kiti kingine. Mimi hakunionyesha.

"Sasa rudia," akaniambia. "Yale alisema siku ile. Yote, vile alisema."

Nikarudia. Alhamisi naenda mpakani. Njoo nami. Kama unaogopa nitakushika hivi hivi. Nilipofika kwenye "mimi sina tena wa kumtafuta," Rebeka alijifunika uso kwa kanga. Mama Han hakuhitaji kuambiwa tulifika wapi. Alinyoosha mkono akaushika ule wa Rebeka, palepale ulipokuwa Jumanne.

Ijumaa, Jumamosi na Jumapili nililala mjini na nilikuja hotelini kila asubuhi kuosha vyombo. Hakunifukuza, hakunikaribisha. Wao wawili walikaa jikoni wakifundishana kupika kwa kuonyeshana vidole, wakicheka bila lugha. Nilisikia kicheko hicho kupitia mabati. Ningependa kuwaambia kwamba wivu ulikuwa umekwisha. Haukuwa umekwisha. Ulikuwa umekaa nami pale kwenye karai, nasi tukaosha vyombo pamoja.

Jumapili jioni Rebeka akasimama mlangoni. "Mama Natapar amepata mtandao, amepiga. Nyanya amekubali. Mtoto hajui Kiarabu, hajui Kiswahili, ni Kitoposa tu. Ilikuwa lugha ya bwana yangu, mimi nimeisahau. Kesho utatafsiri."

Nilishangaa. "Loki kuna watu wengi wanaoijua."

"Najua."

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu wewe sasa utaogopa kuacha neno."

Nadapal tena

Barabara haikufungwa. Wafanyabiashara walifika na mbuzi na magunia, na nyuma yao Mama Natapar, akimshika bega msichana mrefu aliyejifunga shuka ya samawati, mwenye hatua ndefu za mtu anayefuata ng'ombe. Rebeka alisimama. Alikuwa na nguo yake ya kanisani. Mama Han alimshika mkono mpaka msichana alipokaribia, halafu akamwachia, akaenda kukaa mbali kwenye jiwe, akiwa ametugeuzia mgongo.

"Mwambie mimi ni mama yake."

Nikamwambia.

"Nimeambiwa," msichana akasema.

Rebeka alimweleza juu ya mdogo wake aliyekufa, juu ya baba, juu ya barabara. Nilisema kila neno, hata alipojirudia. Napeyok alisikiliza akiangalia viatu vya mama yake. Halafu akasema, nami nililiona neno likija na nilijua ningeweza kulipunguza makali bila mtu kujua.

"Anasema, nyanya alimwambia siku tatu. Alipojifunza kuhesabu, alihesabu tatu, akaanza tena tatu. Anasema aliacha kuhesabu alipong'oka meno ya utoto. Anasema hakuja kwa ajili yako. Amekuja kuona kama unafanana naye."

Rebeka alifumba macho akayafumbua. "Muulize, ninafanana?"

Msichana alimtazama kwa mara ya kwanza usoni. Alitazama taratibu, paji, pua, masikio. "Masikio," akasema.

Wote wawili wakashika masikio yao wakati mmoja, na msichana akakosea akatabasamu, kisha akalificha. Lakini alikuwa ameshatabasamu. Walikaa chini. Rebeka akafungua kisra aliyofunga kwenye kitambaa, Napeyok akala kwa mashaka, kisha kwa njaa. Mama Natapar akasema nyanya ameruhusu aje tena wafanyabiashara watakapokuja mwezi ujao, lakini kulala upande wa Kenya bado hapana.

Niliendelea kutafsiri. Maziwa ya ng'ombe wangapi. Nani anamsuka nywele. Kama anasoma. Sauti yangu ilikauka na hakuna aliyenipa maji, na sikuomba.

Karibu na kuondoka, msichana alinielekezea kidevu. Alimuuliza mama yake moja kwa moja, kana kwamba angeelewa: "Huyu anayekaa katikati ni nani? Ni dada yako?"

Nikamgeukia Rebeka nikamtafsiria swali hilo kama lilivyoulizwa.

Rebeka alinitazama. Aliitazama sura yangu kama vile binti yake alivyoitazama yake, bila haraka. Nilijua jibu nililotaka. Nilikuwa nimeshalitafutia neno la Kitoposa.

"Mwambie ni mtu wa kutafsiri," akasema.

Nikamgeukia Napeyok, nikamwambia kwamba mimi ni mtu wa kutafsiri.